Nyota za darini: uzi wa plastiki, si wa kioo

Jioni moja mwanetu wa miaka tisa alirejea kutoka madrasa akiwa na fungu la nyuzi za rangi mfukoni. Alikuwa ameziokota kando ya shimo ambalo mafundi wa mkongo wa mawasiliano walilifukia mchana ule. Alisikia kwamba mwanga hupita ndani yake, naye akatamani dari ya chumba chake iwe na nyota. Haikufika Isha kabla hajaanza kulia. Kidole kilikuwa kimevimba, nasi tukaketi chini ya taa na kioo cha kukuzia, mama yake ameshika kibano, tukitafuta kibanzi ambacho macho matupu hayakuweza kukiona.

Ndugu msomaji, kisa hicho ndicho kilichotufanya tujifunze jambo hili kwa dhati. Ombi la mtoto halikuwa baya. Kosa lilikuwa katika aina ya uzi.

Tangu mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, neno “mkongo” limezoeleka majumbani mwetu. Nyuzi zilizomo ndani ya mikongo ya namna ile ni za kioo. Kila uzi una unene wa milimita 0.125 tu, umepakwa utando mwembamba wa rangi, na ukivunjika hutoa vibanzi vikali vinavyozama ngozini. Kikiingia jichoni au tumboni, madhara yake ni makubwa zaidi. Isitoshe, haufai kabisa kwa mapambo. Njia ya mwanga katikati ya uzi wa masafa marefu ina upana wa takriban milimita 0.009, na mwanga wa taa ya kawaida hauingii humo ila kidogo mno. Tena ule unaotumika kwenye mawasiliano hauonekani kwa macho, kwa hiyo asithubutu mtu kuchungulia ncha ya mkongo ulio kazini kwa kuwa tu haoni kitu.

Unaotakiwa kwa nyota za darini ni uzi wa plastiki ya akriliki. Ni mweupe wa kupenyeza mwanga kama mshipi wa kuvulia samaki, na huuzwa kwa vipenyo vya milimita 0.5, 0.75, 1, 1.5 na kuendelea. Wauzaji wa vifaa vya taa huuletea mtu fungu la nyuzi mia moja, mia mbili au mia tatu zilizokwisha katwa kwa mita mbili au tatu, pamoja na kisanduku cha taa ya LED. Kabla ya kulipa, ulizeni kama uzi ni wa kung’aa nchani au ubavuni, kwa maana upo wa kila namna. Wa ubavuni hung’aa mwili mzima kama kamba ya moto, nao kwa nyota haufai. Pimeni pia umbali kutoka kisanduku hadi kona ya mbali ya chumba, mkiongeza sentimita thelathini za akiba. Uzi mfupi hauungiki vizuri. Sisi tulichanganya 0.75 na 1, kwa kuwa nyota zote zikilingana, dari hufanana na chujio.

Siri ya uzi huu ni kwamba kiini chake kimevikwa gamba jembamba la plastiki nyingine inayopinda mwanga kidogo kuliko kiini. Mwanga ukigonga gamba hilo kwa mlalo hautoki, bali hurudishwa ndani na kuendelea na safari. Elimu ya kupinda kwa mwanga ni kongwe. Mnamo mwaka 984 huko Baghdad, Ibn Sahl alikwisha kuieleza kwa jiometri katika risala yake ya vioo vya kuunguzia. Kwetu sisi mafundi wa nyumbani, maana yake ni moja: mwanga huingia na kutoka kwa ncha tu, na ncha iliyoharibika huua nyota nzima.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulikata nyuzi hamsini za kwanza kwa mkasi wa jikoni. Mkasi haukati akriliki, huibana mpaka ipasuke, na ncha ikabaki na weupe wa maziwa. Tulipowasha taa, nyota zilikuwa hafifu kama zilizofunikwa na vumbi. Tukarudia kwa wembe mpya wa kisu cha karatasi, uzi umelazwa juu ya kibao kigumu, wembe umesimama wima, na mkono unashuka mara moja bila kukereza. Ncha ikikatwa mshazari, mwanga huelekea upande mmoja, na aliyelala kitandani haoni kitu. Wembe nao huchoka upesi kuliko tulivyodhani, ikatubidi tuubadilishe kila baada ya nyuzi chache. Kipo pia kikatio kidogo cha plastiki chenye vitundu, kitumiwacho na mafundi wa vitambuzi vya viwandani. Kila kitundu hutumika mara moja tu, kisha makali ya mahali pale huwa yamekwisha.

Upande wa kisanduku ndio wa kujali zaidi. Nyuzi zote hufungwa pamoja kwa nguvu, kisha fungu hukatwa sambamba na kusuguliwa kwa msasa uliolowa, tukianzia namba 400, kisha 1000, na kumalizia 2000, juu ya kipande cha kioo kilichonyooka. Kazi hiyo ilituchukua saa nzima, na ndiyo iliyobadilisha dari kuliko yote. Kule darini hatukusugua. Tulipitisha kila uzi kwenye tundu la keekee, tukatia tone la gundi, kisha tukakata ziada mwishoni.

Ndani ya nyuzi hamna umeme, hivyo mtoto aweza kuzigusa. Umeme uko kisandukuni, na hapo aitwe fundi. Taa iwe ya LED wala si ya balbu ya moto, kwa kuwa akriliki hulainika kwa joto na hushika moto. Kisanduku kiwekwe mahali penye hewa na panapofikika. Uzi wa milimita 1 usikunjwe kwa mduara mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha kahawa, maana mwanga huvujia kwenye kona.

Dari ya mwanetu ina nyota 150. Tatu ni hafifu, kwa kuwa tulizikunja vibaya nyuma ya boriti. Tulipotaka kuzirekebisha alikataa, akasema hizo ziko nyuma ya wingu.