Antraseni au Antrasini? Tatizo la Kiishio katika Istilahi za Kemia

Antraseni ni haidrokaboni ipatikanayo katika lami ya makaa ya mawe. Wanakemia wa Kifaransa, Dumas na Laurent, waliitenga mwaka 1832. Jina lake limetokana na neno la Kiyunani anthrax, yaani kaa la mawe au la moto. Neno hilo hilo ndilo lililoupa ugonjwa wa mifugo jina lake la Kiingereza, kwa sababu ya kidonda cheusi kinachotokea kwa mgonjwa. Waswahili huuita kimeta. Ajabu ni kwamba antraseni nayo humeta: fuwele zake, ambazo hazina rangi, hutoa mwanga wa buluu zinapopigwa na miali ya urujuanimno.

Molekuli yake ina atomu 14 za kaboni na 10 za haidrojeni. Kaboni zimejipanga katika pete tatu za pembe sita zilizounganishwa ubavu kwa ubavu katika mstari mmoja. Mstari huo ukipindwa, atomu zikabaki zile zile, hupatikana kitu kingine, fenantreni. Mwaka 1868 Graebe na Liebermann, huko Berlin, waliigeuza antraseni kuwa alizarini, rangi nyekundu ambayo hapo awali ilitolewa katika mizizi ya mmea. Kilimo cha mmea huo kikafifia Ulaya. Mwaka 1963 Martin Pope na wenzake, huko New York, walipitisha umeme katika fuwele ya antraseni ikatoa mwanga. Utafiti wa namna hiyo ndio uliotangulia vioo vya simu ving'aavyo kwa viunganiko vya kaboni.

Sasa mwanaistilahi aandikeje? Akifuata matamshi ya Kiingereza, ataandika antrasini. Hapo ndipo tatizo lilipo. Katika kemia kiishio si pambo, bali hubeba maana. Viishio viwili vya Kiingereza, -ene na -ine, huweza kutamkwa sawa, lakini cha kwanza huashiria haidrokaboni yenye viungo maradufu, na cha pili, mara nyingi, kitu chenye naitrojeni. Mfano bora ni akridini, iliyotengwa na Graebe na Caro mwaka 1870 katika lami ile ile. Umbo lake ni la antraseni kabisa, ila katika pete ya kati naitrojeni imeshika nafasi ya kaboni moja. Zikiandikwa antrasini na akridini, tofauti hiyo imefutwa na tahajia. Vivyo hivyo benzini ingekuwa jina la haidrokaboni ya pete moja na pia la mchanganyiko wa mafuta mepesi, vitu viwili ambavyo haifai mwanafunzi avichanganye maabarani.

Kwa hiyo ni afadhali kutohoa kwa kufuata maandishi: antraseni, benzeni, fenantreni upande mmoja; akridini na anilini upande wa pili. Kifaransa na Kijerumani pia hutamka e katika kiishio hicho, hivyo si Kiswahili peke yake kitakachoonekana kigeni.

Huenda pakatokea pingamizi kwamba -eni itadhaniwa kuwa na kiambishi cha mahali, kama shambani au mezani. Pingamizi hilo ni dhaifu, kwani lingeiangukia -ini vile vile. Na hakuna Mswahili atafutaye mahali ndani ya sabuni, jirani wala thamani.