Nyumba za Mji Mkongwe: Mgeni wa siku tatu na jirani wa miaka thelathini

Nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ilijengwa kwa ajili ya mtu aliyekusudia kuishi humo hadi mwisho wa umri wake, kisha wakae wanawe na wajukuu zake. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Baraza ya nje ni ya kila apitaye njia, daka ni la anayejulikana, ukumbi ni wa mgeni wa heshima, na ua wa ndani ni wa wenyewe. Kila hatua kutoka mlangoni ina mtu wake na adabu yake.

Leo nyumba hiyo hiyo yaweza kukodishwa kwa siku tatu na mtu aliye Warsaw au Johannesburg. Hulipa kwa simu, akaja akaukuta ufunguo ndani ya kisanduku chenye namba kilichotundikwa mlangoni, akalala, akaondoka, wala hajaonana na mwenye nyumba wala na jirani wa ukuta mmoja. Biashara hii ya kukodisha nyumba za kuishi kwa wageni wa muda mfupi, inayopitia Airbnb, Booking.com na mitandao mingine ya namna hiyo, imeingia Shangani, Kiponda, Malindi, Mkunazini na Sokomuhogo. Inafaa basi tujiulize: ina kanuni gani, na ni nani anayelindwa na kanuni hizo?

Hatuandiki haya kwa kuuchukia utalii. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni 736,755, ilhali sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakaazi 1,889,773. Utalii ndio unaosomesha watoto wa familia nyingi. Mjane anayeishi ghorofa ya juu akakodisha vyumba viwili vya chini hana kosa lolote, na huenda pato hilo ndilo linalomwezesha kupaka chokaa nyumba yake kila baada ya kusi na masika. Tatizo huanza pale nyumba inapobaki haina mwenyewe ndani yake, na mtaa ukabaki hauna wakaazi.

Sheria zilizopo

Wapo wanaodhani kwamba kukodisha nyumba kwa njia ya mtandao ni jambo la baina ya mwenye nyumba na mgeni wake tu. Dhana hiyo si sahihi. Sheria ya Utalii ya Zanzibar ya mwaka 2009 imeikabidhi Kamisheni ya Utalii kazi ya kusajili na kutoa leseni kwa biashara za utalii, na kumlaza mtalii kwa malipo ni biashara ya utalii, iwe ni katika hoteli ya vyumba mia au chumba kimoja cha nyumbani. Mapato yake nayo yanaihusu Mamlaka ya Mapato. Sheha, kwa upande wake, ana dhamana ya kuwatambua watu wanaoishi katika shehia yake.

Juu ya hayo, Mji Mkongwe una sheria yake mahususi. Mamlaka ya kuuhifadhi iliundwa mwaka 1985, mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kwa mujibu wa utaratibu huo, mtu hana ruhusa ya kubomoa ukuta, kuongeza ghorofa, kubadilisha mlango au kujenga baraza ya juu ya paa mpaka apate kibali cha Mamlaka.

Sharti hilo lina sababu kubwa. Anayeigeuza nyumba ya familia kuwa nyumba ya wageni aghalabu hutaka kila chumba kiwe na choo na bafu lake. Nyumba iliyokuwa na choo kimoja au viwili sasa ina vitano, na mabomba yake yamepitishwa ndani ya kuta ambazo hazikujengwa kwa ajili ya maji. Maji yakivuja, boriti huoza kutoka ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki. Fundi akipiga lipu ya saruji juu ya chokaa, unyevu hukosa pa kutokea na ukuta hudhoofika zaidi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimeshikana, kwa hiyo bomba la Bwana fulani huozesha boriti za jirani yake. Sote tunakumbuka tarehe 25 Disemba 2020, pale sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo hilo halikuwa nyumba ya wageni, lakini lilitufundisha kwamba majumba haya hayasamehe uzembe.

Haki ya jirani

Jirani ana haki juu ya jirani yake, na haki hiyo haikomi kwa sababu nyumba imegeuzwa biashara. Ua wa nyumba ya Kiswahili ni mahali pa faragha: hapo mama hufua, mabinti husukana nywele, na watu hukaa bila ya mtandio. Paa la jirani likigeuzwa mahali pa kunywea chai na kutazama machweo ya jua, ua ule huwa umefunuliwa. Familia hulazimika kutandaza makuti au turubai juu, au kujifungia vyumbani ndani ya nyumba yao wenyewe.

Ziko pia kero ndogo ndogo ambazo kila moja peke yake huonekana si kitu: masanduku yanayoburutwa usiku wa manane, muziki, taka zilizowekwa kibarazani siku isiyo ya kuzolewa, mgeni anayegonga mlango usio wake. Hotelini yupo meneja wa kushitakiwa. Kwa nyumba yenye kisanduku cha ufunguo, jirani hajui ampigie nani simu. Na kubwa kuliko yote, mgeni wa siku tatu hatakuja kuhani msiba, hatamchungia mtoto arudipo chuoni, wala hatagutuka akisikia kizee wa nyumba ya pili hajafungua dirisha tangu asubuhi. Nyumba kumi za namna hiyo katika uchochoro mmoja hutosha kuuondolea mtaa masikio na macho yake.

Warithi na mwenye simu

Suala hili lina upande mwingine ambao sheria za utalii hazikuugusa, nao ndio unaozigusa familia zaidi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za mirathi ambayo haijagawiwa. Marehemu ameacha mjane na watoto, na nyumba imebaki ya wote. Kijana mmoja mjuzi wa mitandao huipiga picha, huiandikisha kwa jina lake, na malipo yote huingia katika akaunti yake.

Tuchukue mfano. Tuseme nyumba imeingiza shilingi 2,400,000 kwa mwezi baada ya kuondolewa kodi na gharama, na warithi ni mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mjane ana thumni, yaani shilingi 300,000. Zilizobaki, shilingi 2,100,000, hugawiwa mafungu saba: kila mwanamume mafungu mawili, shilingi 600,000, na kila mwanamke fungu moja, shilingi 300,000. Anayeshughulikia kazi astahiki ujira wa kazi yake, lakini ujira huo wajulikane na wakubaliane. Nje ya hapo, anayepokea zote kwa kuwa yeye ndiye mwenye simu anakula haki ya mama yake na dada zake.

Limo na jambo zito kuliko fedha. Nyumba ikikodishwa nzima, mama huambiwa ahamie Fuoni au Mwanakwerekwe kwa bintiye. Ameishi Hurumzi tangu aolewe, anamjua kila muuza duka na kila mlango, na sasa anaondoshwa ili kitanda chake alalie mgeni. Hakuna leseni inayomuuliza kama ameridhika.

Nyumba za wakfu nazo zahitaji uangalizi. Mpangaji anayelipa kodi ndogo kwa sababu nyumba ni ya wakfu, kisha akaipangisha kwa watalii kwa bei ya soko, amejigeuza yeye mwenyewe kuwa mnufaika wa sadaka ambayo haikuwekwa kwa ajili yake.

Walivyofanya wengine

Miji mingine imekwishapita njia hii. Uturuki ilipitisha mwaka 2023 sheria namba 7464, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024. Anayetaka kumkodishia mtalii nyumba ya kuishi kwa muda usiozidi siku 100 sharti apate kibali cha serikali, aweke kibao mlangoni, na, ikiwa ni fleti, awe na ridhaa ya wamiliki wote wa jengo. Mmoja akikataa, kibali hakipatikani.

Penang nchini Malaysia, ambako mji wa George Town nao umo katika Urithi wa Dunia, ilizuia mwaka 2023 biashara hii katika majengo ya makaazi. Majengo ya kibiashara yaliruhusiwa kwa masharti, na kwa muda usiozidi siku 180 kwa mwaka. Amsterdam iliweka mwaka 2019 ukomo wa siku 30 kwa mwaka kwa anayekodisha nyumba nzima. New York ilianza Septemba 2023 kumtaka mwenyeji asajiliwe, awepo nyumbani, na asipokee wageni zaidi ya wawili. Florence ilizuia mwaka huo huo nyumba mpya za namna hii katika mji wake wa kale, na Barcelona imetangaza kwamba ifikapo mwishoni mwa mwaka 2028 leseni zake 10,101 za fleti za watalii hazitahuishwa.

Hatusemi kwamba yote hayo yanatufaa. Lakini yana fundisho moja la pamoja: ni rahisi kuweka kanuni wakati wakaazi wangalipo kuliko kuwarudisha wakishaondoka.

La kufanya

Kwa wenye mamlaka, tunaona hatua nne zinawezekana. Kwanza, kila nyumba iliyosajiliwa ipewe namba, na namba hiyo ionekane mlangoni na katika tangazo la mtandaoni, pamoja na simu ya mtu anayepatikana usiku na mchana. Pili, majirani wa kuta zinazogusana waulizwe kabla ya leseni kutolewa. Tatu, mwenye nyumba anayeishi humo humo apewe wepesi wa ada na masharti kuliko anayekodisha nyumba nzima. Nne, nyumba ya mirathi isipewe leseni mpaka warithi wote wametia saini.

Kwa familia, hakuna haja ya kungoja sheria mpya. Warithi wakae kitako na waandikiane: nani anasimamia, ujira wake ni kiasi gani, fedha zinaingia akaunti ipi, hesabu zinasomwa lini. Wachukue leseni na walipe kodi. Wamjulishe sheha. Wasiguse ukuta bila ya kibali. Wamwandikie mgeni kwa lugha anayoifahamu taratibu za mtaa, na awepo mtu wa kumpokea mlangoni kwa mkono wake. Na kabla ya yote hayo wamuulize mama, peke yake na kwa utulivu, kama yu radhi kuhama. Akisema hayuko radhi, basi vyumba viwili vya chini vinatosha.