Disleksia katika Darasa la Kiingereza

Disleksia ni hali ya kudumu inayomfanya mtu apate shida kubwa kuoanisha sauti za lugha na herufi zinazoziwakilisha, ingawa ana akili timamu, anaona na kusikia vizuri, na amefundishwa kama wenzake. Mwaka 1896 daktari Mwingereza W. Pringle Morgan alieleza habari za mvulana wa miaka 14 ambaye mwalimu wake aliamini kuwa angekuwa hodari kuliko wote shuleni iwapo masomo yote yangefundishwa kwa mdomo. Wataalamu wengi hukadiria kuwa katika kila watoto 100, watano hadi kumi wana hali hiyo kwa kiwango fulani. Kwa kadirio hilo, darasa la wanafunzi 80 katika kata kama Vingunguti, wilayani Ilala, linaweza kuwa na watoto wanne hadi wanane wa aina hiyo, ambao aghalabu huitwa wazito au wavivu, jina ambalo hawakustahili.

Kiswahili huwasitiri watoto hawa kwa muda. Irabu zake ni tano, kila moja ina sauti yake isiyobadilika, na mtoto anayejikongoja silabi kwa silabi hatimaye hulifikia neno. Hata hivyo, Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walionyesha mwaka 2003 kuwa kujifunza kuandika Kiswahili kwa usahihi si jambo jepesi, pamoja na tahajia yake kuwa na utaratibu. Shida hujitokeza wazi zaidi kinapokuja Kiingereza, ambamo herufi nne zilezile za mwisho hutamkwa kwa namna moja katika *though* na kwa namna nyingine kabisa katika *tough*. Mwaka 1999 Taeko Wydell na Brian Butterworth waliripoti habari za kijana aliyekulia Japani na wazazi wanaozungumza Kiingereza, ambaye alisoma Kijapani bila taabu lakini akashindwa kusoma Kiingereza kama inavyotarajiwa.

Katika darasa lililojaa, kumtambua mtoto huyu ni kazi ngumu, hasa kwa sababu ya desturi ya kusoma kwa pamoja kwa sauti, ambapo mwalimu hutamka sentensi na darasa zima huitika. Mtoto mwenye disleksia huitika na wenzake, hukariri ukurasa wote, na huweza kuonekana msomaji mzuri mpaka siku atakapoulizwa neno moja lililochomolewa katikati ya sentensi. Daftari husema kweli zaidi. Anayeandika *ticha* badala ya *teacher* amekosea tahajia, lakini sikio lake limefanya kazi yote, kwa kuwa amezifuata kanuni za Kiswahili. Anayeandika *thcrea*, na kesho yake akaliandika neno hilohilo kwa namna nyingine, anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Kuchanganya *b* na *d* peke yake si ushahidi, maana watoto wengi wanaoanza kuandika hufanya hivyo.

Msaada wenye manufaa zaidi hauhitaji chumba cha pekee. Visoda vinavyotumika kuhesabia vinaweza kutumika pia kuhesabu sauti: mwalimu hutamka *ship*, na mtoto husogeza kisoda kimoja kwa kila sauti anayoisikia, akapata vitatu ingawa herufi ni nne, kisha huandika herufi chini ya kila kisoda. Hapo Kiswahili huwa mtaji, kwa sababu *sh* ya *shika* ni ileile ya *ship*, *th* ya *thelathini* ni ya *thin*, na *dh* ya *dhahabu* ndiyo inayosikika mwanzoni mwa *this*, japo Kiingereza huiandika kwa *th*. Sauti zikifundishwa waziwazi, chache kwa wakati, na kurudiwa kila siku, darasa zima hufaidika, wakiwamo wale ambao shida yao ni kukosa kusikia Kiingereza nyumbani.

Kunakili ubaoni kunastahili kupunguzwa, kwa kuwa mtoto huyu hupoteza mstari kila anapoinua kichwa, na kipindi huisha akiwa na nusu ya sentensi asiyoielewa. Afadhali apewe sentensi chache zilizokwisha kuandikwa, aulizwe maswali kwa mdomo, na asishtukizwe kusoma peke yake mbele ya wenzake, kwani aibu humfundisha kukwepa kipindi.

Upimaji ni suala gumu zaidi. Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwa likiwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, lakini nafuu ya namna hiyo haiwezi hata kuombwa kwa mtoto ambaye hakuna aliyemtambua. Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu. Hata hivyo mtu wa kwanza kuliona tatizo ni mwalimu wa kawaida wa somo. Kwa hiyo kumbukumbu zianze kwake mapema, wakati mtihani ungali mbali: makosa yenyewe yalivyoandikwa, tarehe zake, na mbinu iliyomsaidia mtoto, zikabidhiwe kwa mwalimu wa darasa linalofuata na zielezwe kwa mzazi.