Safari ya Shujaa Katika Utendi wa Fumo Liyongo

Utendi ni bahari ya ushairi iliyotengwa kwa habari ndefu: vita, sira za watu mashuhuri, mawaidha na visa vya kale. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza hushirikiana kina kimoja, nacho hubadilika ubeti hata ubeti. Kipande cha nne huchukua kina cha bahari, kisichobadilika toka mwanzo hata mwisho. Kwa kamba hiyo moja mtungaji aweza kufunga beti mamia, na wakati mwingine zaidi ya elfu, kama ilivyo katika Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani wa Pate, ambao nakala yake ya kale ina tarehe ya mwaka 1728.

Desturi za utendi haziishii katika vina na mizani. Mtungaji hufungua kwa jina la Mungu na kumsalia Mtume; mara nyingi huagiza wino, kalamu na karatasi kabla ya kuingia katika kisa. Mwishoni huomba dua, na pengine hutaja jina lake, mwaka, na hesabu ya beti. Basi kisa cha shujaa huwekwa baina ya milango miwili, na milango hiyo ni ya mtungaji, si ya shujaa. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila apimaye tendi kwa vipimo vilivyotoka kwingine.

Kipimo kimoja kilichoenea sana ni kile alichokieleza Joseph Campbell katika mwaka 1949. Kwa mujibu wake, shujaa hutoka kwao, hutiwa majaribuni katika ulimwengu mgeni, kisha hurejea na tunu ya kuwafaa watu wake. Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa katika mwaka 1913 na Muhammad bin Abubakar al-Bakari wa Lamu, ajulikanaye zaidi kwa jina la Kijumwa, waonyesha mahali kipimo hicho kinapofaa na mahali kinapokatika.

Sehemu mbili za kwanza zaonekana wazi. Liyongo, mtu wa nguvu zisizo kifani, aitwa Pate ili Wagala waliokuwa wageni wa Sultani wamwone. Nao wastaajabu hata watamani mbegu yake, wakamwoza binti wao. Lakini nguvu zilizomletea Sultani fahari ndizo zinazomtia hofu ya kunyang'anywa ufalme. Majaribu yaanza. Watu wa mwituni waagizwa wamwue: wakubaliana kupanda mkoma kwa zamu, ili zamu yake ikifika wamfume mishale akiwa juu. Yeye hapandi, aangusha makoma kwa mishale yake. Kisha atiwa gerezani. Huko silaha yake ni ushairi: kwa utungo wa mafumbo amtuma kijakazi Saada kwa mama yake, naye mama amtilia tupa ndani ya mkate wa chachu za pumba ambao walinzi hawautamani. Ngoma ya gungu yapigwa nje, na kelele zake zafunika mlio wa tupa ikatayo minyororo.

Hapo ndipo kipimo kikatikapo. Baada ya kuokoka, Liyongo harudi mjini na tunu. Mwanawe, aliyezaliwa na yule mke wa Kigala, aahidiwa cheo na binti wa Sultani, akaiulizia siri ya mauti ya baba yake. Akaambiwa kuwa ni sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Mwana amchoma baba usingizini. Liyongo aamka, atwaa uta, aenda kisimani, apiga goti na kuvuta mshale. Hapo roho yamtoka, na mwili wabaki umekaza uta.

Kwa mfuatiliaji wa kanuni ya marejeo, hili ni kosa la ujenzi: safari isiyo mwisho. Lakini kisima ndicho mwisho wenyewe. Watu hawathubutu kuteka maji. Mji uliomwogopa akiwa hai wazidi kumwogopa akiwa maiti, hata wamwomba mama yake aende kumsihi. Waliotaka kuulinda mji kwa kumwua wajinyima maji ya kunywa. Mizani ya utendi huu, basi, haipimi alicholeta shujaa, bali yapima ulichopoteza mji. Mwana naye hakupata alichoahidiwa. Akafa baada ya kukataliwa.

Marejeo hayakukosekana kabisa. Yamehamia katika mlango wa pili. Anayerejea kwa watu na tunu ni mtungaji, na tunu yake ni habari yenyewe, iliyofungwa kwa kina kimoja isipotee. Mchunguzi akiisoma tamati kama pambo la ada tu, atakuwa amekisoma kifo cha Liyongo bila ya kumaliza utendi.