Umeme wa Gari Kuukuu

Fungueni madaftari. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: betri, fyuzi, ethi. Yasomeni pamoja kwa sauti, mara mbili.

Leo tutazungumza juu ya motokaa ya fahari iliyozeeka. Chukueni mfano wa Mercedes-Benz 240D, ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976. Zamani wenye magari ya namna hiyo waliitwa wabenzi, na halikuwa jina la sifa. Siku hizi gari hilo laweza kuwa mali ya mtu wa kawaida, anayelikodisha kwa arusi. Injini yake ni ya dizeli, tena imara sana. Kinachomsumbua mwenye gari ni umeme: taa zafifia, honi yakataa kulia, vipangusio vya kioo vyasimama katikati ya mvua.

Jambo hili si dogo. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa hupita kiasi cha kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Tembo na nyati huivuka usiku na mchana. Na injini ya 240D ikiisha kuwaka haihitaji umeme ili iendelee kuzunguka. Kwa hiyo taa zaweza kuzimika gizani, na gari likazidi kwenda mbio vile vile, na tembo yuko mbele.

Sasa ugonjwa uko wapi? Watu wengi hukimbilia kununua betri mpya. Mimi nasema wangoje kidogo. Katika gari kuukuu, mara nyingi umeme hukwama pale madini yanapogusana na madini. Vumbi la kiangazi na unyevu wa masika huleta kutu na ukoga. Umeme hupita hapo kwa shida, kama maji katika mfereji uliojaa majani.

Anzeni na fyuzi. Zimo ndani ya sanduku, chini ya boneti. Kila moja ni kijiti kifupi chenye ncha mbili, na ukanda mwembamba wa madini umepita nje yake. Nyeupe ni ya ampea 8, nyekundu ni ya ampea 16. Ampea ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita. Zimeni gari, kisha zungusheni kila fyuzi kwa vidole papo hapo ilipo. Pengine honi iliyonyamaza mwezi mzima italia tena, kwa kuwa ukoga wa nchani umekwanguka.

Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya rangi ile ile. Msiweke msumari, wala karatasi ya sigara. Fyuzi imewekwa ili ikatike kabla waya haujaungua. Ukiweka msumari, kitakachoungua ni waya, na waya wa miaka 40 una ganda kavu lililopasuka. Gari zima laweza kushika moto.

Neno la tatu, ethi, ndilo linalowashinda wengi. Umeme hutoka kwenye betri, hupita katika waya mpaka kwenye taa, halafu lazima urudi. Njia yake ya kurudi ni bodi yenyewe ya gari. Pale waya wa taa au wa betri unapofungwa kwenye bodi, ndipo mafundi waya huita ethi. Ethi ikishika kutu, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi, hata kwa kupitia taa ya jirani. Ndiyo maana dereva akikanyaga breki, waweza kuona taa isiyohusika nayo yang'aa kidogo, au taa zote za nyuma zafifia pamoja. Asiyejua husema gari lina shetani!

Jaribuni hivi. Shikizeni ncha moja ya waya mnene kwenye kichwa cha betri chenye alama ya kutoa (–), na ncha nyingine pale ethi ya taa inapofungwa. Taa ikichangamka, ugonjwa umeonekana. Fungueni skrubu, sugueni kwa msasa mpaka madini yang'ae, kazeni vizuri, kisha pakeni grisi kidogo juu yake.

Juu ya betri, maneno machache. Betri nzima iliyojaa, ikiwa imetulia, hupimwa volti 12.6 hivi. Injini ikizunguka, kipimo kipande hadi 14 hivi. Kisipopanda, alteneta haichaji, na betri mpya nayo itakufa baada ya siku chache. Wako mafundi wanaong'oa waya wa betri injini ikizunguka, eti wanaijaribu alteneta. Wakatazeni, kwani yaweza kuharibika papo hapo.

Kazi ya darasa. Dereva wa Kilosa ataka kwenda Mikumi jioni. Betri yake yapimwa volti 12.6, lakini taa moja ya mbele yawaka kwa unyonge. Andikeni sentensi mbili: atazame wapi kwanza, na kwa nini? Majibu tutayasoma katika somo la juma lijalo.