Makedonia ya Paulo na Makedonia ya Leo: Jina Moja, Wadai Wengi

Wengi wetu tulilisikia jina la Makedonia kwa mara ya kwanza kanisani. Matendo ya Mitume, sura ya 16, yanasimulia jinsi Mtume Paulo, akiwa Troa, alivyoota usiku kuhusu mtu wa Makedonia aliyemwomba msaada, na jinsi alivyovuka bahari. Kwa hiyo redio inapotaja nchi iitwayo Makedonia Kaskazini, mtu hudhani ni kule kule. Sivyo hasa. Filipi, Thesalonike na Beroya, miji ambayo Paulo alihubiri katika safari ile, leo iko Ugiriki. Nchi yenye mji mkuu Skopje iko upande wa pili wa mpaka, na wengi wa wananchi wake ni Waslavi, ambao mababu zao waliingia Balkani katika karne ya 6 na ya 7, yaani miaka mia tano na zaidi baada ya Paulo.

Kwa nini basi jina hilo ligombewe kiasi cha kufunga mipaka? Jibu linaanzia, kwa sehemu kubwa, makanisani na shuleni. Sisi tunaojenga shule kwa fedha za wafadhili tuna sababu ya kulifuatilia.

Kwa zaidi ya miaka mia tano, hadi mwaka 1912, Makedonia ilikuwa chini ya Dola ya Kituruki ya Osmani. Dola hiyo haikuwahesabu watu kwa lugha, bali kwa dini. Wakristo wa Kiorthodoksi walikuwa chini ya Patriaki wa Konstantinopoli, na shule zake zilifundisha Kigiriki. Mwaka 1870 Sultani aliruhusu Kanisa la Kibulgaria lijitegemee, na jimbo ambalo theluthi mbili ya Waorthodoksi wake walitaka, liliweza kuhamia huko. Hapo ndipo mashindano yalipopamba moto. Sofia, Athens na Belgrade zilimwaga fedha za walimu, vitabu na mapadre. Kijiji kilichopata mwalimu wa Kibulgaria kiliandikwa kuwa cha Wabulgaria. Kilichobaki na Patriaki kiliandikwa kuwa cha Wagiriki, hata kama akina mama wa vijiji vyote viwili walizungumza lugha moja sokoni. (Waliokulia mahali ambapo misheni mbili zilipakana wataelewa bila kuelezwa zaidi.)

Mwingereza Henry Brailsford, aliyegawa misaada huko baada ya maasi ya mwaka 1903, aliwauliza vijana wa kijiji kimoja cha milimani karibu na Ohrid, kisichokuwa na mwalimu wala padre, ni nani aliyejenga ngome ya kale iliyo juu ya mji. Wakamjibu kuwa ni watu huru, babu zao. Alipowabana waseme kama babu hao walikuwa Waserbia, Wabulgaria, Wagiriki au Waturuki, walijua jambo moja tu: hawakuwa Waturuki, kwa kuwa walikuwa Wakristo. Vijana wale hawakuwa wajinga. Ni kwamba hakuna mfadhili aliyekuwa amefika bado kuwafundisha jibu lake.

Vita vya Balkani vya mwaka 1912 na 1913 viliigawa Makedonia sehemu tatu: kubwa kuliko zote ikaenda Ugiriki, nyingine Serbia, na ndogo Bulgaria. Kila serikali iliwafundisha watu wake wapya kuwa wao ni nani. Ugiriki ilibadilisha majina ya vijiji, na chini ya utawala wa Metaxas, ulioanza mwaka 1936, kuzungumza Kislavi kulikuwa kosa la kuadhibiwa. Serbia iliwaita Waserbia wa Kusini. Bulgaria ilisema, na bado husema, kwamba walikuwa Wabulgaria.

Mwaka 1944, katikati ya vita, wapiganaji wa Tito walitangaza jamhuri ya Makedonia ndani ya Yugoslavia, na mwaka uliofuata lugha ya Kimakedonia ikapewa alfabeti rasmi. Wapinzani husema taifa hilo liliundwa na Tito. Kwa maoni yetu hilo ni nusu ya ukweli. Dola ndiyo iliyotoa shule na magazeti, lakini Krste Misirkov alikuwa ametetea lugha na taifa la Kimakedonia katika kitabu kilichochapishwa Sofia mwaka 1903, Tito akiwa bado mtoto. Na taifa gani halikupitia shuleni?

Yugoslavia ilipovunjika, Makedonia ilijitenga mwaka 1991 bila vita. Ugiriki ilikataa jina lake. Tusiwabeze Wagiriki: zaidi ya milioni mbili wao huishi katika jimbo lao liitwalo Makedonia, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1946 hadi 1949 waliogopa jimbo hilo lisimegwe. Lakini hatua yao ya Februari 1994, ya kuifungia nchi isiyo na bahari njia ya bandari ya Thessaloniki, iliwaumiza wafanyakazi wa viwandani na wakulima kuliko wanasiasa. Vikwazo hivyo vilidumu hadi Oktoba 1995. Skopje nayo ilichokoza: mwaka 2011 ilisimamisha sanamu kubwa ya mpanda farasi katikati ya jiji, na kila mtu alijua kuwa ni Aleksanda Mkuu.

Mwishowe, tarehe 17 Juni 2018, kando ya Ziwa Prespa, nchi hizo zilikubaliana jina la Makedonia Kaskazini. Lugha ilibaki kuitwa Kimakedonia, na mkataba ulikiri kwamba neno Makedonia lina maana tofauti kwa kila upande. Katika kura ya maoni zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura walikubali, lakini waliojitokeza walikuwa kama asilimia 37 tu. Wengi walibaki nyumbani kwa uchungu.

Ndani ya nchi, karibu robo ya wakazi ni Waalbania, wengi wao Waislamu. Mwaka 2001 mapigano yalizuka, na Rais Boris Trajkovski, mhubiri mlei wa Kimethodisti katika nchi ya Waorthodoksi na Waislamu, alitia saini makubaliano yaliyopanua haki za lugha yao. Alifariki katika ajali ya ndege mwaka 2004. Kanisa la Kiorthodoksi la huko, lililojitangazia uhuru mwaka 1967, lilitambuliwa na Kanisa la Serbia mwaka 2022 tu.

Ugomvi uliobaki ni wa Bulgaria, ambayo mwaka 2020 ilizuia mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya. Tume ya wanahistoria wa nchi mbili inabishana, pamoja na mengine, juu ya Goce Delčev, mpigania uhuru aliyeuawa mwaka 1903. Alizaliwa Kukuš, ambayo leo ni Kilkis nchini Ugiriki, akasoma chuo cha kijeshi Sofia, na mifupa yake, iliyokaa Sofia kwa miaka mingi, ilihamishiwa Skopje mwaka 1946 na imo katika ua wa Kanisa la Sveti Spas. Bulgaria inataka pia Wabulgaria watajwe katika katiba. Sensa ya mwaka 2021 iliwahesabu 3,504. Hadi mwaka 2025 Bunge la Skopje lilikuwa halijapitisha marekebisho hayo.