NJIWA WA UDONGO HAPOKEI UDHURU

Hakuna mchezo wa silaha unaomfedhehesha mlenga shabaha hodari kwa haraka kama ule wa kupiga visahani vya udongo. Askari aliyepata sifa kwa kulenga shabaha iliyosimama tuli huingia uwanjani kwa madaha, akajaza marisawa katika bunduki ya mitutu miwili, akaita. Na kisahani kikampita mbele ya macho kizima kama kilivyotoka mtamboni. Ndipo wenzake huangua kicheko. Kicheko hicho, ndugu askari, ni sehemu ya mafunzo yenyewe.

Tuanze na maneno ya mchezo. Wachezaji hukiita kisahani "ndege", ingawa hakina bawa wala unyoya. Kikivunjika, husemwa kwamba ndege amekufa. Kikipita salama, amepotea. Kikitoka mtamboni kimekwisha kuvunjika, mwamuzi hutangaza kwamba hakuna ndege, na mpigaji hupewa kingine. Maneno haya yalirithiwa kutoka zama ambapo Waingereza walipiga njiwa hai. Huko Ealing, karibu na London, njiwa waliwekwa mashimoni na kufunikwa kofia kuukuu; kamba ikivutwa, kofia huondoka na njiwa huruka. Kwa sababu hiyo mpigaji hata leo huagiza ndege wake kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "vuta", ijapokuwa kamba haipo tena. Mitambo mingi ya sasa huendeshwa kwa umeme, na mingine hutii sauti inayoingia katika kipaza sauti. Basi mwenye kikohozi hutaniwa kwamba amewaita ndege wa watu.

Mwaka 1880, George Ligowsky wa Cincinnati, Marekani, alipata hataza ya kisahani cha udongo uliochomwa. Uingereza nayo ilipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1921 mchezo wa kupiga ndege waliofungiwa. Kisahani cha leo kina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi, nacho hutengenezwa kwa lami na unga wa mawe ya chokaa. Kwa hiyo njiwa huyu wa udongo si njiwa, wala si udongo. Lakini ukimkosa, aibu ni ya kweli.

Namna kuu za mchezo huu katika Olimpiki ni mbili. Ya kwanza ni trapu, iliyoingia katika michezo ya Paris ya mwaka 1900. Mitambo 15 hufichwa handakini mbele ya wapigaji, na mpigaji hajui kisahani kitaelekea kushoto, kulia au mbele yake. Ya pili ni skiti, iliyozaliwa Marekani. Humo visahani hutoka katika vibanda viwili, kimoja cha juu na kimoja cha chini, na mpigaji huhama kituo hadi kituo, vyote vikiwa 8. Jina la skiti lilipatikana mwaka 1926 kwa shindano la gazeti moja, na mshindi, Bibi Gertrude Hurlbutt, alipewa dola 100.

Ama kuhusu upigaji wenyewe, hapa ndipo mazoea ya askari humgeukia. Katika bunduki ya vita tumefundishwa kutulia, kuzuia pumzi na kubana triga polepole. Mbele ya kisahani kinachokwenda kasi, anayetulia amekwisha kukosa. Sharti mtutu ukifuate kisahani, ukipite, na uendelee kwenda hata baada ya mlio, kwa maana marisawa yanapaswa kufika mahali kisahani kitakapokuwa, si mahali kilipokuwa. Wengi husimamisha mtutu ili wahakikishe, na marisawa yakapita nyuma. Ndiyo maana ushauri wa "umepiga nyuma" hutolewa uwanjani hata na mtu aliyekuwa akinywa chai bila kutazama. Na aghalabu huwa amesema kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la anga la Marekani liliwafunza wapiga mizinga wa ndege kwa mchezo huuhuu, ili wazoee kupiga mbele ya adui anayekwenda kasi.

Tena ziko nyudhuru. Jua lilikuwa machoni. Upepo ulikipeperusha. Risasi zilikuwa mbovu. Yuko na yule anayeapa kwamba aliona vumbi likitimka juu ya kisahani. Huyo huenda amesema kweli, lakini kanuni ni kali: pasipoonekana kipande kikianguka, ndege amepotea, hata kama kisahani kitaokotwa kina tundu. Mwandishi wa alama huandika sifuri, na mpigaji hujiandaa kwa kisahani kinachofuata. Duru moja ina visahani 25, na anayeendelea kubishana moyoni juu ya kile cha nne hukikosa pia cha tano.

Alama haziangalii cheo wala jinsia. Huko Barcelona mwaka 1992, wanaume na wanawake wakishindana pamoja katika skiti, Zhang Shan wa China alivunja visahani 223 kati ya 225 akatwaa dhahabu. Katika michezo ya Atlanta ya mwaka 1996 wanawake hawakuwa na nafasi katika skiti. Walipata shindano lao Sydney mwaka 2000.

Askari ana haja ya mazoea haya. Ofisa anayepokea taarifa ya doria hutaka kujua kilichopigwa na kilichokosa kupigwa, wala si vumbi lililodhaniwa kuonekana. Maisha ya wenzetu wanaotoka zamu inayofuata hutegemea ukweli wa taarifa hiyo.

Mwisho, liko jambo moja lisilofanyiwa mzaha uwanjani. Bunduki hutembezwa ikiwa imefunguliwa na tupu, kila mtu aone. Hufungwa kituoni tu, mtutu ukielekea uwanjani. Akikiuka hilo, hata bingwa huamriwa kutoka, na hapo hakuna anayecheka.